Daftari la Njia ya Maji

Njia hii ilikuwa ya mama zetu.
Waliishuka alfajiri, ukungu wa Newala bado umelala bondeni,
wakaipanda na mitungi, jua limeshawatangulia.
Kisha mabomba yakaja, tukashukuru,
na njia haikujuliwa hali tena na mtu.

Mimi ni katibu wa chama cha bustani.
Kazi yangu kuandika. Waliohudhuria: kumi na saba.
Udhuru: Chinguile, yuko kwenye salfa ya mikorosho;
Akumbela, amejifungua wa kiume.
Majembe sita. Mapanga manne, moja halina mpini.
Miche: mipingo arobaini, mikongo kumi na miwili,
misandarusi mitatu tu,
maana mbegu zake tulizisugua, tukaziloweka, tukazibembeleza,
nazo zikatununia hadi masika.

Tunarudisha vilivyoondoka bila kuaga.
Mfuru kwenye kona, pale walipotulia mitungi.
Mbungo karibu yake, upate wa kumparamia.
Ming'oko, Bi Somoe amekataa:
"Haipandwi hiyo. Msitu ukirudi, itajileta."
Nikaandika: Ajenda ya nne, ming'oko. Tunasubiri.

Adui ni lantana.
Inachanua njano na nyekundu kwenye kishada kimoja,
inakwaruza mikono, inanuka hata ukishaoga,
imeifunika njia kutoka magotini hadi mabegani.
Vijana wa sekondari wanauliza huku wanahema:
"Nani aliyeileta huku?"
Kila mtu anatazama bondeni.
Ruvuma iko kule chini, nyembamba, inang'aa kama bati jipya.

Niliileta mimi.
Mwaka wa mashindano ya mitaa safi,
nina miaka ishirini na miwili na sina haya,
nilibeba shina kutoka Masasi ndani ya kopo la maziwa ya unga,
nikalipakata safari nzima kama mtoto wa watu.
Nilitaka ua la kutazama na ua wa kuzuia mbuzi;
mmea mmoja ukanipa yote mawili.
Tulishika nafasi ya pili. Zawadi ilikuwa toroli,
ndilo hili hili tunalobebea magugu.
Ndege walikula vitunda, wakaenda zao,
wakafanya walichofanya.

Sikusema Jumamosi ya kwanza. Wala ya pili.
Ya tatu, uji ukiwa mkononi, nikasema.
Kimya.
Halafu Bi Somoe akacheka hadi akajishika ubavu:
"Kwani vipandikizi vyangu unadhani nilivitoa wapi?
Nilikuibia, usiku, mvua inanyesha."
Nantembo naye alivitoa kwa Somoe.
Shule ilivitoa kwa Nantembo.
Tuliitembeza lantana nyumba kwa nyumba
kama sahani ya futari.

Hilo sijui niliandike wapi. Mengineyo, labda.

Asumini wa darasa la sita anaandika vibao kwa rangi ya mafuta,
ulimi nje, herufi zinapanda mlima.
Mti mmoja umetushinda.
Wamakonde wana jina lake, Wayao wana lao, na hawaachiani.
Bwana misitu alipekua kitabu chake, akakifunga.
Bi Somoe jina halijui kabisa. Anajua tu kwamba jani lake
ukiliweka juu ya maji, mtungi ukiwa kichwani,
maji hayarukiruki.
Asumini akachovya brashi, akaandika:
JANI LA KUTULIZA MAJI.
Hakuna aliyempinga. Hata mimi nimeiandika hivyo.

Leo tumefika mita mia tatu na kumi.
Kisima bado hatukioni, ila udongo umebadilika,
umekuwa mweusi kidogo, unashika vidole.

Wakati wa kurudi nikapita pale tulipoanzia.
Vijani viwili vya lantana vilishachungulia,
vimesimama kama masikio ya sungura.
Nikainama, nikavuta.
Mzizi ulikuja, ukaendelea kuja,
nami nikaendelea kuvuta,
wenzangu wameshafika barabarani, wananiita.