Vidato Kumi na Kimoja

Nilifika Lamaseca na futi yangu ya chuma,
fomu za halmashauri zimelowa begini,
maana mvua ya Galisia hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyekwisha kunywa kahawa na hajui kuaga.

Jina lake Erundina. Miaka themanini na minne.
Nyumba ya itale: juu watu, chini ng'ombe,
ndivyo walivyojenga waliotangulia,
joto la mnyama lipande usiku, liwapashe waliolala.
Ngazi iko nje, imebandikwa ubavuni mwa ukuta,
vidato kumi na kimoja, vimelika katikati
kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

Hajashuka tangu Oktoba. Tulikuwa Machi.
"Nimepanda viazi miaka sitini," alisema dirishani,
"na ngazi hii nimeipanda miaka ile ile.
Viazi vimenilipa. Ngazi ndiyo inanidai."

Nikapima. Kidato kimoja, sentimita kumi na nane.
Vyote pamoja, mita mbili kasoro kidogo.
Mwongozo wetu wataka kila sentimita ya kupanda
ipewe kumi na mbili za kwenda.
Nikapiga hesabu pajani, chini ya mwavuli:
karibu mita ishirini na nne za mteremko
katika ua wa mita tisa,
na humo humo kisima,
na ghala la mahindi limesimama kwa miguu ya mawe.
Ukiukunja mara tatu utafika,
lakini utafika kama chatu aliyemeza nyumba.

Ofisini tuna ramani nzuri ya bonde hili.
Kijivu, nyumba zisizo na mtu. Kijani, zenye watu.
Hatuna rangi ya mtu aliye ndani
asiyeweza kutoka.

Akaja Amaro, jirani, mikono mfukoni.
"Hapa ndipo ambulensi hugeuka," alinionyesha,
"yaani hapa ndipo hushindwa kugeuka."
Muuguzi huliacha gari kanisani
akapanda kwa miguu, mkoba kichwani, matope hadi ndara za miguu kupotea.
Usiku ule wa Delmiro, mume wa Erundina,
waliung'oa mlango bawabani wakamlaza juu yake.
Mlango ukatoka naye. Mlango ukarudi peke yake.

Sikuwa na la kujibu. Nikaingia zizini.
Hori kavu, utando wa buibui, harufu ya nyasi za zamani.
Sakafu iko sawa na njia.
Nikapima mlango: mita moja na robo.
Ng'ombe ni mpana kuliko kiti cha magurudumu.
Nikacheka peke yangu, gizani, kama mwizi.

"Unataka nilale alipolala Marela?"
"Ndiyo, mama. Na choo kando, na maji ya moto."
Akanyamaza kiasi cha kumenya kiazi.
"Marela alikuwa na dirisha dogo."
"Tutalipanua."
"Basi lielekee njiani. Mlima nimeshauona.
Nataka kuona nani anapita."

Bajeti haina fungu la kuona nani anapita.
Nikaandika: *uingizaji hewa*.
Nikaandika taa kwenye kona, benchi nusu ya njia,
kishikio cha chuma kuanzia kisimani,
na ukuta wa Amaro ukatwe mita mbili, gari lipate kugeuka.
Amaro akakohoa. Ukuta wa babu yake.
"Mita moja," akasema.
Gari haligeuki kwa mita moja.
"Basi mita moja na heshima."

Nilirudi Septemba. Erundina yuko chini,
anamgombeza tarishi kupitia dirisha la uingizaji hewa
kwa kuchelewa dakika kumi.
Paka amelala kidato cha saba.
Benchi lipo, halijakaliwa, lina umande.
Ukuta wa Amaro bado umesimama wote,
na ambulensi bado inageukia kanisani.
Nimefungua fomu nyingine.
Mvua imekaa. Nami nimevuta kiti, nikakaa.