Korosho Mia Moja

Ghala la Kitangari, Oktoba,
foleni imepinda hadi chooni.
Mimi ndiye mtamka daraja.
Nachota gunia juu, kati, chini,
nahesabu korosho mia, nazipasua moja moja,
nachungulia: nyeupe, ya madoa, iliyooza, tupu.
Kisha nasema: la kwanza. Au: la pili.
Nikisema la pili, kuna watu hawanisalimii hadi Idi.

Saa nne Somoe alikuja na simu yangu,
akasimama nyuma ya mzani, pale mtandao unapokubali.

Fizikia B. Kemia C. Baiolojia A.
Daraja la kwanza, pointi sita:
tangu Julai mama yake hajaacha kuzitaja,
bombani, msibani, hata kwa muuza dagaa.
Kijitabu cha udahili tulikisoma mpaka kikachanika mgongo.
Sifa ya chini ya kusomea udaktari tunayo,
tunayo na chenji inabaki.

Hatukujua sifa ya chini ni ruhusa ya kupiga hodi tu.
Nafasi mia mbili, waliobisha elfu tisa,
na ndani wameshakaa wenye A, A, A,
mstari ulionyooka kama uzi wa fundi.
Simu ikasema: hujachaguliwa. Sababu: ushindani
Hata nukta hawakuweka.

C ile naijua. Nilikuwepo ilipozaliwa.
Kidato cha tano mwalimu wa Kemia hakuwepo
Agosti hadi Machi,
mpaka akaja kijana wa kujitolea, Likwati,
akalala stoo, akafundisha usiku
maana mchana walimpa Hesabu.
Bureti moja, wanafunzi arobaini na wawili.
Somoe ameiona rangi ya waridi ikichomoza kwenye chupa
mara mbili maishani;
ya pili ilikuwa siku ya mtihani.

Sasa nifanyeje, nimlaani mpimaji?
Mimi ni mpimaji.
Najua foleni inavyofoka mgongoni,
lori linavyowashwa makusudi.
Najua pia gunia la shemeji yangu, mwaka juzi,
madoa matupu, nikasema la kwanza.
Na huyo mtoto wa A tatu simwiti mwizi:
huenda naye alilala na kitabu usoni,
kibatari kikamla nyusi.
Lakini mimi, mbovu hivi nilivyo,
kisu huwa nakiingiza.

Somoe hakulia. Alivuta gunia tupu, akakalia.
Chaguo la tatu limempokea, sayansi ya maabara:
atapima damu ambayo mwingine ataiandikia dawa.
"Nitaenda," alisema. Halafu: "Au nirudie Kemia. Sijui."
Akaokota nusu ya korosho, akaigeuza.
"Itakuunguza," nikamwambia. Hakuiacha.

"Baba, gunia lina korosho ngapi?"
"Kama elfu kumi na tano."
"Na unapasua mia."
"Mia."
"Na zilizobaki?"

Nyuma yake Bi Nandonde alikohoa, zamu yake imefika,
gunia lake amelifunga kwa kipande cha kitenge.
Nilifuta kisu kwenye suruali.
"Zilizobaki," nilisema, "zinafuata zile mia."

Na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe
nikachota mara mbili.
Foleni ikanitukana.