Daftari la Langoni

Niliambiwa: kaa kando, usiseme neno,
tazama kidole kinakokwenda.
Basi nikakaa, kantini, Tudor,
chai ya tangawizi ikipoa mbele yangu
na ulimi ukiniwasha kuliko pilipili ya bhajia.

Wa kwanza alikuwa Kadzo, ametoka Kaloleni alfajiri,
simu yake ina ufa kutoka pembe hadi pembe.
Nikamwambia: tafuta karo ya mwaka wa kwanza.
Tovuti yetu haijui karo. Tovuti yetu, msomi, yajua "ada".
Akaugusa uso wa mhitimu aliyerusha kofia,
akaugusa tena, akangoja,
kama mtu abishaye mlango uliochorwa ukutani.
"Nimekosea wapi?"
Picha ile niliiweka mimi. Nikaandika: hakukosea.

Mamake, Bi Nyevu, alikuja kumsindikiza tu.
Akachungulia juu ya bega la mwanawe, akasoma MAOMBI.
"Bonyeza hapo. Kumbe wana mahali pa kusali!"
Tukacheka sote watatu. Kisha kicheko kikanikauka:
neno ni langu, miaka minne liko pale,
na wangapi wamelipita wakidhani si lao,
au wamelibonyeza wakiwa na haja na Mungu
wakapewa fomu ya kurasa tisa?

Athman wa Mwembe Tayari hakungoja ukurasa ufunguke.
"Bando langu la shilingi ishirini," akasema,
"haliwezi kulisha picha ya makamu wa chansela."
Wa tatu alikata tamaa dakika ya sita.
Swabra alifika, moja kwa moja, bila kutazama menyu.
Nani kakufundisha?
"Dzombo. Wa langoni."

Nikaenda lango la pili, jua la saa saba likinikaanga utosi.
Dzombo ana kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya
na daftari la jalada jeusi, limevimba kwa jasho na mvua.
Humo: mwisho wa kulipa, akaunti ya benki,
Ijumaa ofisi ya fedha hufunga saa ngapi,
nani yuko likizo, nani hujibu kwa ukali.
"Huuliza mambo saba," akasema, "mwaka nenda mwaka rudi.
La nane ni choo kiko wapi."

Kikaoni profesa mmoja alisema, "Bawabu?"
akilitamka kama aliyeng'ata jiwe ndani ya wali.
Nikawasha video: kidole cha Kadzo, kofia, kofia, kofia.
Feni peke yake ikaendelea kusema.

Sasa ukurasa wa mbele una mistari saba.
KARO iko juu. Palipokuwa MAOMBI
pameandikwa NATAKA KUJIUNGA.
Makamu wa chansela amehamia chini, atabasamu vilevile.
Jina la Dzombo halimo. Niliomba; wakasema nafasi hakuna.

Jana nilipita langoni. Msichana ameegemea ukuta,
simu mkononi, akapata alichotaka, akaondoka bila kuuliza.
Dzombo akamsindikiza kwa macho.
"Inafanya kazi," nikasema.
"Naona." Akalifungua daftari penye weupe.
"Ila yule alikuwa na la tisa. Macho mekundu.
Hilo mmeliweka wapi?"

Nikavuta tofali, nikakaa kando.
Sikusema neno.