Kalunguyeye wa Saa Kumi na Mbili

Kila jioni, saa kumi na mbili kasoro dakika tano,
naingiza mkono wangu wa kulia ndani ya kalunguyeye.
Ana miiba ya sufu, pua ya kifungo cha koti,
na meno ishirini aliyoyachonga fundi Hrant
kwa vijiti vya aiskrimu.
Meupe kuliko yangu.
Yangu usiku hulala kwenye glasi.

"Haya watoto," nasema kwa ile sauti nyembamba
ambayo koo langu liliikopa na halijawahi kuilipa,
"tusugue! Juu, chini, na kule nyuma
ambako peremende hujificha kama mdaiwa sugu."
Taa za studio zinachoma. Nje ni Gyumri, ni Januari,
theluji imefika kwenye vioo vya magari,
nami nimepiga magoti chini ya meza,
mzee wa miaka sitini na sita, nikitafuna hewa
ili kalunguyeye aonekane anakula karoti.

Nyumbani mjukuu wangu Nazeli hanijui.
Yaani ananijua: mimi ni babu, mwenye koti la moshi,
ila mkono ule hajui ni wa nani.
Nikimwambia, "Kula kabichi," anafumba mdomo
kama benki siku ya Jumapili.
Kalunguyeye akimwambia, anaomba sahani ya pili.
Nami nimekaa jikoni, nimejaa wivu,
namwonea wivu soksi yangu mwenyewe.

Mama yake hucheka: "Baba, umepinduliwa na mnyama wa sufu."
Nami hucheka, nikitoka roshani, kiberiti mfukoni,
kwenda "kutazama hali ya hewa."
Hali ya hewa naitazama mara tisa kwa siku.

Jumanne ile Shushan, mwandishi wetu, alishikwa na mafua.
Karatasi ikaisha, dakika moja ikabaki hewani,
na dakika moja ya matangazo ya moja kwa moja ni shimo.
Nikalifukia kwa lililonijia:
"Na kama nyumbani kuna mtu anavuta sigara,
mfichieni. Kisha mshikeni mkono,
mzunguke naye jengo."
Nilisema tu. Mdomo haukuwa wangu.

Mkuki kwa nguruwe.

Nikarudi, nikavaa koti la nyumbani: mfuko mtupu.
Nikapekua droo, nyuma ya redio, ndani ya kopo la kahawa.
Nazeli alikuwa mlangoni, vifungo hadi kidevuni,
kofia imemeza nyusi, kiganja amekinyoosha.
"Amesema," akasema.
Hakuona haja ya kutaja nani.

Tukazunguka. Barafu ikilia chini ya buti.
Kwenye kona ya pili kifua kikaanza kupiga filimbi;
akasimama kunisubiri, bila kunitazama,
kama daktari aliyekwisha kusoma majibu.
Kona ya tatu akauliza,
"Babu, kalunguyeye naye huchoka?"
"Sana."
"Nani humzungusha yeye?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya wake,
umetulia, hauigizi kitu.
Sikumjibu.

Jana tulizunguka mara mbili.
Sigara sijaziona mpaka leo.
Kiberiti ninacho.