Damu Nyepesi

Ghala namba tatu, Kurasini. Hasi kumi na nane,
kinasema kipimajoto, na wekundu wa tarakimu zake
ndio moto pekee humu ndani.
Nje lami inanata kwenye kandambili.
Mimi nina masweta mawili na koti la mtumba
lililonijia na tiketi ya treni mfukoni,
ya mji nisioweza kuutamka.

Nahesabu jodari. Nahesabu vibua kwa katoni.
Mkude husema kuna methali haijafika ghalani kwetu:
samaki mkunje angali mbichi.
Haya, huyu mbichi, mkunje!
Anamgonga kwenye chuma,
samaki analia kama kengele ya shule.

Juzi umeme ulikatika Mtoni.
Subira, kidato cha sita, akasoma kwa tochi ya simu,
kwa sauti, asije akasinzia,
nami nachambua mchicha kwa kupapasa.
Mama, kuna samaki kusini kabisa,
pale ramani ya darasani inapoishia kwenye fremu.
Bahari yao iko chini ya sifuri, karibu nyuzi mbili,
chumvi tu ndiyo inayoyakatalia maji kuganda.
Samaki wetu ukimtia humo
ataganda yeye kabla ya maji.

Nikaacha mchicha.
Na wao je?

Wana kitu katika damu, protini na sukari zimeshikana.
Chembe ya barafu ikiingia, na huingia,
kwa kila tonge, kwa kila funda,
kitu hicho kinaing'ang'ania pande zote,
kinainyima pa kuongezea.
Haiyeyuki, mama. Ila haikui.
Inapelekwa kwenye wengu, inakaa huko,
miaka, pengine mpaka kufa.

Mwenzake nilikuwa nimeshakwenda Juni, miaka sita nyuma.
Shati la Hamdani kwenye kamba, halijakauka,
na rafiki yake wa gatini mlangoni, hana viatu:
Mama, kazamia.
Meli gani? Ya ngano. Bendera gani? Hakuiona.
Kisha simu moja, kutoka Durban, sekunde arobaini.
Aliniuliza kama paka ameshazaa.

Majirani walinipa tangawizi. Walinipa muda,
wakasema muda ni dawa, itayeyuka.

Subira hajanyamaza. Yuko mwingine, anasema,
damu yake haina wekundu hata chembe,
ukimkata inatoka kama maji ya dafu.
Hana magamba. Hewa imejaa tele katika maji baridi,
anaipokea hata kwa ngozi.
Mishipa yake mipana kama mitaro,
na moyo, mama, moyo ni mkubwa kupita umbo lake,
maana damu nyepesi lazima isukumwe nyingi.

Damu nzito kuliko maji: tunasema hivyo misibani,
tunasema zaidi kwenye mirathi.
Ya huyu nusura iwe maji
na bado inafika mkiani.

Ukimleta Feri, Subira akacheka,
joto litamuua kabla mnada haujaanza.
Umeme ukarudi. Feni ikakohoa, ikazunguka.
Akafunga kitabu: hili swali huja, alama kumi.
Mchicha nilikuwa nimeutupa, nimebakiza mizizi.

Leo, saa nne, chai. Natoka ghalani,
jua linanipiga usoni kama mlango,
kope zinaanza kuvuja.
Unalia? anauliza Mkude.
Barafu, nasema. Na ni barafu kweli.

Simu huwa naiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya sidiria,
baridi isije ikaimaliza chaji.
Namba ngeni zote napokea.
Ya leo ilikuwa ya kijana wa kuniambia nimeshinda milioni tatu,
nitume kwanza elfu ishirini ya kufungulia.
Nilimsikiliza mpaka mwisho.
Nikamuuliza yuko wapi, amekula?