Kitanzi cha Kamba

Visima arobaini na vitatu, Bombolulu hadi Utange,
kila kisima safu yake, kila safu mwaka mzima wa chumvi,
na Bwana Mwatela ataka picha, hataki namba:
"Grafu moja kila kisima. Kesho, kabla ya saa tatu."

Nikaanza kwa mkono.
Nakili, bandika, badili jina.
Nakili, bandika, badili jina.
Majaoni. Magogoni. Kiembeni.
Feni ya Tononoka yasaga joto lile lile,
chai imefanya utando,
na nilipofika cha kumi na saba
jina nimelibadili juu, chini nimesahau:
Mwandoni imevikwa chumvi ya Mtopanga.

Swabra akainama begani pangu na kiazi chake cha karai,
akacheka hadi ukwaju ukadondokea kibodi.
"Wewe kila kisima wakinunulia ndoo mpya?
Ndoo ni moja. Piga kitanzi kwenye kamba,
kisha itembeze."

Akaniandikia mistari minne, akafuta mmoja.
Kwa kila safu iliyomo jedwalini:
ichore, ivishe jina lake yenyewe, ihifadhi.
Pale nilipokuwa nikiandika Bombolulu
akaandika *kisima* tu,
neno tupu, lingojalo kujazwa.

Nikabonyeza.
Ya kwanza, ya tano, ya ishirini,
michirizi ya buluu ikipanda Februari, ikilala kwa mvua za Mei,
kope haijashuka zimepita tatu.
Kisha kimya.
Ya thelathini na moja, maandishi mekundu:
hii si namba.

Nikaifungua. Mishomoroni, nyuma ya kiwanda cha barafu.
Mpimaji: Mbeyu Katana.
Januari, namba. Februari, namba.
Machi, palipotakiwa tarakimu, ameandika: chungu.
Aprili: chungu zaidi.
Mei: watoto wameyatema.
Juni: tumekifunika kwa bati.
Julai hadi Desemba: bati, bati, bati,
bati, bati, bati.

"Ongeza sharti," Swabra akasema, "isipokuwa namba, iruke."
Nikaongeza. Ikaruka.
Zikatimia arobaini na mbili kabla kiazi hakijesha.

Ile moja nimeiandika kwa mkono,
maneno yake kama yalivyo, karatasi isiyo na mihimili,
nikaiweka juu ya zote.

Saa nne na robo. Usiku nilioutenga wa kunakili
umebaki mzima mapajani mwangu.
Nikautumia kutafuta namba moja,
ya simu, ya Mbeyu.