Sekunde Tisini

Mama M'Cibalonza hakupiga simu.
Alipanda mwenyewe kutoka soko la Kadutu
kompyuta ya duka mgongoni, imefungwa kitenge,
waya ukining'inia kama mguu wa mtoto aliyelala.

"Imekufa," akasema.
Tukangoja umeme. Uliporudi, saa tatu kasoro,
mtaa mzima ulishangilia kama bao limeingia.
Nikabonyeza. Feni ikazunguka.
"Kilichokufa hakipumui, Mama."

Kwanza mashine hujihesabu viungo: kumbukumbu, kibodi, diski.
Kisha humwamsha mpakiaji, mtu wa maneno machache:
hukitoa kiini diskini, hukikabidhi kazi,
huondoka bila kuaga.
Kiini nacho hufikia kibanda cha muda,
vyombo viwili vitatu, taa ndogo,
humo hutafuta ufunguo wa nyumba yenyewe.
Yote haya huyaoni. Unaona nembo inazunguka,
inazunguka,
halafu giza.

Nikazima, nikawasha, kidole juu ya Shift.
Ndani ya menyu, kwenye mstari mrefu wa amri,
kuna neno linaloiambia mashine: nyamaza.
Nikalifuta.
(Sijajua bado nani aliamua
kwamba mwenye mashine asisikie inavyoamka.)

Basi ikasema. Mistari myeupe ikamwagika
kama mvua ya Novemba juu ya mabati ya Nyamugo,
sawa, sawa, sawa, sawa,
hadi mmoja ukagoma:
nangoja kifaa, sekunde ya nne kati ya tisini.

"Inangoja nini?"
"Diski. Namba yake imeandikwa humu tangu zamani.
Kila inapoamka, inaiita."
Thelathini na nne. Thelathini na tano.
Mama akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.
"Ile nyeusi ndogo. Ya Murhula.
Aliichomoa Jumapili, na viatu, na diploma,
akapanda lori la Uvira."
Sitini na moja.
Sikuwa na la kusema, nikatazama namba.
Tisini.

Mashine ikaangukia chumba cha dharura,
ikadai neno la siri la mkuu wa nyumba.
Aliliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja.
Niligeuza uso, lakini kibodi ile ina kelele:
herufi saba.

Nikafungua faili inayoorodhesha diski.
"Nifute mstari wake?"
"Akirudi nayo, itamjua?"
"Nikifuta, hapana."
Basi sikufuta. Kuna neno dogo
linaloongezwa pembeni, baada ya koma. Maana yake:
asipokuwepo, usikwame.

Tukawasha. Iliita, haikujibiwa, ikapita,
na lile daftari la madeni likafunguka.
Akavaa miwani, akasoma kwa sauti:
"Sabuni, Mama Byamungu, faranga elfu nne,
tangu Pasaka! Na bado ananisalimia."

Umeme ukakatika.

"Haya," akasema gizani,
"sasa tutajua kama umetengeneza."